Nakala, kifungashio au dirisha: uchague ipi unapoitoa vekta ya C++ iende Python

Mistari hii minne ilinipotezea siku mbili nzima:

```python
k = Kituo("Mlimani")
k.vipimo.append(12.4)
k.vipimo.append(8.1)
print(len(k.vipimo))   # 0
```

Hakuna kosa lililoripotiwa, wala onyo. Programu ilikwenda hadi mwisho ikaandika sifuri. `Kituo` ni klasi niliyoiandika kwa C++ ya kutunza vipimo vya mvua. Ndani yake mna `std::vector<double> vipimo`, yaani vekta, safu ya namba inayoweza kukua, nami niliiunganisha na Python kwa pybind11, maktaba ya kuunganisha C++ na Python, kwa mstari mmoja tu wa `def_readwrite`. Nilikagua hesabu, nikakagua sehemu inayosoma mafaili, nikaishuku hata kompaila. Kumbe tatizo lilikuwa mlangoni. Kila unapotamka `k.vipimo`, pybind11 huunda orodha mpya ya Python, hunakili humo kipimo kimoja kimoja, kisha hukukabidhi orodha hiyo. `append` ilifanya kazi yake barabara, ila iliifanya juu ya nakala, na nakala yenyewe ilitupwa kabla mstari uliofuata haujaanza.

Nyaraka za pybind11 zinalieleza jambo hili waziwazi, lakini wengi wetu hukutana nalo kwenye programu kabla ya kukutana nalo kwenye nyaraka. Ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya aliyesimama pale niliposimama mimi: una mkusanyo wa vitu upande wa C++, unataka mtu wa Python autumie, na mbele yako kuna njia zaidi ya moja. Nitakaa zaidi kwenye pybind11, maktaba aliyoianzisha Wenzel Jakob mwaka 2015, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku. SWIG na Boost.Python, vyombo vingine vya kuunganisha C++ na Python, pamoja na lugha ya Rust, nitazigusa pale zenyewe zinapotufunza kitu.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutoa nakala: vitu vinahamishwa, vinakuwa orodha ya kawaida ya Python, na pande mbili zinaachana hapo. Ya pili ni kifungashio: Python inapewa kitu ambacho ndani yake mna vekta yenyewe ya C++, na kila `append` au `v[3]` inarudi C++ kutekelezwa. Ya tatu ni dirisha: Python inaoneshwa anwani ya kumbukumbu ileile ambamo namba zimekaa, ikasoma humohumo bila kuhamisha chochote.

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina kasi. Swali hilo lina wakati wake, lakini likitangulia hupotosha. Mimi naanza na hili: vitu hivi ni mali ya nani, na nani ana ruhusa ya kubadili idadi yake? Makosa yote nitakayoyaeleza hapa chini, likiwamo lile la sifuri, yanatokana na pande mbili kujibu swali hilo kila upande kivyake.

## Nakala

Ukiandika `#include <pybind11/stl.h>` umemaliza. `std::vector`, `std::deque` na `std::list` zinageuka `list`, `std::set` inageuka `set`, `std::map` inageuka `dict`, na ukitoka Python kwenda C++ mambo ni hayohayo kinyume chake. Mtumiaji anapata orodha halisi, na uhalisi huo una thamani kubwa: `json.dumps` inaikubali, `pickle` inaikubali, `isinstance(x, list)` inajibu kweli, na mtu hahitaji kujifunza klasi yoyote mpya. Usalama wa kumbukumbu nao ni kamili. Kituo kinaweza kufutwa, uzi (thread) mwingine wa C++ unaweza kuongeza vipimo, na orodha uliyo nayo mkononi haitikisiki.

Gharama yake inahesabika. Vipimo 1,000,000 vya aina ya `double` vinakaa katika MB 8 upande wa C++. Kwenye CPython (Python ya kawaida) ya biti 64, kila `float` ni kitu kinachojitegemea chenye baiti 24, na orodha inashika kielekezi (anwani) cha baiti 8 kwa kila kimoja. Jumla ni MB 32, mara nne ya awali, na hapo MB 8 za C++ bado zipo. Ukifanya hivyo mara moja mwisho wa hesabu, hakuna atakayeona. Balaa ni lupu kama hii:

```python
for i in range(len(k.vipimo)):
    jumla += k.vipimo[i]
```

Kwa vipimo 10,000, kila mzunguko unanakili vyote 10,000 ili kuchukua kimoja. Hizo ni `float` 100,000,000 zilizoumbwa na kutupwa, kwa kazi ambayo macho yanaiona kuwa ya kawaida kabisa. Dawa ni kuandika `v = k.vipimo` juu ya lupu, lakini mtumiaji atajuaje? Kwa anayesoma Python, `k.vipimo` ni kuchungulia sifa ya kitu, na hakuna anayetarajia kuchungulia kuwe na bei.

Kwa hiyo siilaumu nakala. Ninachokilaumu ni nakala iliyovaa sura ya kitu chenyewe. Ukiamua kutoa nakala, iseme. Ifanye iwe fankisheni badala ya sifa, `k.nakili_vipimo()`, ili mabano yamkumbushe msomaji kwamba kuna kazi inafanyika. Na kinachorudi kiwe `tuple`:

```cpp
.def("nakili_vipimo", [](const Kituo &k) {
    return py::tuple(py::cast(k.vipimo));
})
```

Sasa anayejaribu `append` anajibiwa papo hapo kwamba `tuple` haina kitu hicho. Kosa langu la siku mbili lingekamatwa katika sekunde ya kwanza. SWIG, chombo alichokianzisha David Beazley katikati ya miaka ya 1990, hufanya hivyo chenyewe: fankisheni ya C++ inayorudisha `std::vector` kwa thamani, upande wa Python inakupa `tuple`. Zamani niliona ni usumbufu. Leo naona ni uungwana.

Kuna mlango wa pili ambao kosa hilohilo hupitia, nao ni vigezo vya fankisheni. Ukiwa na `void rekebisha(std::vector<double> &v)` na ukaitoa kwa `stl.h`, Python itakuruhusu kupitisha orodha, C++ itairekebisha nakala, na orodha yako itabaki ilivyokuwa. Fankisheni za namna hiyo zisitolewe kama zilivyo. Zifunike kwa nyingine inayorudisha matokeo.

## Kifungashio

Hapa unaiambia pybind11 isiiguse aina hiyo, iipitishe ikiwa imefungwa, kisha unaitengenezea klasi ya Python:

```cpp
#include <pybind11/stl_bind.h>

PYBIND11_MAKE_OPAQUE(std::vector<double>)

PYBIND11_MODULE(mvua, m) {
    py::bind_vector<std::vector<double>>(m, "VektaVipimo");
    py::class_<Kituo>(m, "Kituo")
        .def(py::init<std::string>())
        .def_readwrite("vipimo", &Kituo::vipimo);
}
```

Mistari yangu minne sasa inaandika 2. `bind_vector` inakuletea `append`, `extend`, `insert`, `pop`, kuhesabu kutoka nyuma kwa namba hasi, vipande vya `v[2:5]`, na `IndexError` ukivuka mwisho, mahali ambapo C++ tupu ingekuachia utumbukie. Kwa mkusanyo unaohaririwa na pande zote mbili, hii ndiyo njia inayosema ukweli.

Lakini `VektaVipimo` inafanana na orodha bila kuwa orodha, na tofauti hiyo utaikuta usipoitegemea. `json.dumps` inaikataa. `pickle` inaikataa mpaka uiandikie utaratibu wake. Hata `isinstance` dhidi ya `collections.abc.Sequence` inajibu si kweli, mpaka uisajili mwenyewe kwa `register`. Nayo fankisheni iliyokuwa ikikubali `[1.0, 2.0]` sasa inairudisha na `TypeError`, kwa sababu umeondoa ubadilishaji wa moja kwa moja wa aina ile yote. Unaweza kuurejesha kwa `py::implicitly_convertible`, ila ujue unarejesha pia nakala ya kimyakimya kwa fankisheni zinazorekebisha. Mimi huurejesha tu pale ambapo fankisheni zote husika zinapokea `const`.

Kasi nayo isikudanganye. Hakuna kunakili, ni kweli, lakini kila `v[i]` ni safari ya kwenda C++ na kurudi, yenye ukaguzi wa aina njiani. Lupu ya Python juu ya kifungashio huwa nzito kuliko lupu hiyohiyo juu ya orodha ya kawaida. Kifungashio kinalipa pale unapogusa vitu vichache ndani ya mkusanyo mkubwa. Ukitaka kuvipitia vyote, utaona uzito wake.

Jambo moja la kiutaratibu: tamko la `PYBIND11_MAKE_OPAQUE` lazima lionwe na kila faili la C++ la moduli hiyo linaloitumia aina ile. Faili moja likiwa nalo na jingine likakosa, umevunja kanuni ya tafsiri moja ya C++ (kila kitu kiwe na tafsiri ileile katika mafaili yote), na kompaila haina wajibu wa kukuambia. Liweke kwenye faili moja la kichwa, na wote walichukue humo.

Sasa nifike penye hatari, kwa kuwa hapa ndipo nimeona programu za watu wazoefu zikianguka. Tuseme vekta haibebi namba, inabeba miundo: `std::vector<Kipimo>`, kila kimoja na tarehe na milimita zake.

```python
p = k.vipimo[0]
p.mm = 5.0
k.vipimo.append(Kipimo("2024-03-02", 8.1))
print(p.mm)
```

`p` ni rejeo la kitu kilichomo ndani ya vekta, na hivyo ndivyo mtu wa Python anavyotarajia: akibadili `p.mm`, kilichomo kibadilike. Lakini vekta ikijaa na kuongezwa kitu, C++ huomba kumbukumbu mpya iliyo kubwa zaidi, huhamishia vitu huko, na kuiachia ya zamani. `p` inabaki imeelekezwa kwenye nyumba iliyohamwa. pybind11 imehakikisha kwamba vekta haifutwi maadamu `p` ipo, lakini ulinzi huo unaihusu vekta yenyewe, haufiki kwenye kumbukumbu iliyo chini yake. Ubaya zaidi ni kwamba kumbukumbu iliyoachwa mara nyingi bado ina thamani za zamani kwa muda, hivyo majaribio yanapita, na programu inaanguka wiki kadhaa baadaye mikononi mwa mtu mwingine.

Lupu nazo zina ugonjwa huohuo. `for p in k.vipimo` inatumia vielekezi vya C++ chini kwa chini. Ukiongeza kitu katikati ya lupu, umeondoa sakafu uliyosimamia. Orodha ya Python katika hali hiyo inaweza kukuzungusha bila kikomo, lakini haitasoma kumbukumbu isiyo yake, maana yenyewe inakumbuka nafasi kwa namba.

Boost.Python ililifikiria hili kwa kina. Katika `vector_indexing_suite` yake, `k.vipimo[0]` inakupa wakala anayekumbuka mkusanyo na nafasi, hashiki anwani. Vekta ikihama, wakala anaifuata. Kitu kikifutwa, wakala anajitenga na kubaki na nakala yake. Ni kazi nzito zaidi kwa kila kitu unachokigusa, na pybind11 haikuichukua njia hiyo, lakini inaonesha kwamba tatizo lina suluhisho la uaminifu.

Dawa ninayoitumia kwenye pybind11 ni `std::vector<std::shared_ptr<Kipimo>>`, na klasi ya `Kipimo` ikishikwa kwa `std::shared_ptr`, kielekezi kinachohesabu wanaokishika. Vekta ikihama, vinavyohama ni vielekezi tu, vipimo vyenyewe vinabaki palepale. Gharama ni kwamba kila kipimo kinaombewa kumbukumbu yake peke yake, kwa hiyo siifanyi kwa namba. Naifanya kwa vitu vyenye utambulisho, mfano vituo vyenyewe. Tena ina faida ya pembeni: ukishakuwa na `shared_ptr`, hata njia ya nakala inapungua ukali. Orodha inayotoka ni mpya, lakini vilivyomo ni vilevile vya C++, na kubadili sifa ya kimoja kunaonekana pande zote.

Kwa `std::map` na `bind_map` hofu ni ndogo. Vitu vya ramani hiyo havihami unapoongeza vingine, na rejeo linakufa tu pale kitu chenyewe kinapofutwa. Jambo jingine jema ni kwamba `r["haipo"]` upande wa Python inatoa `KeyError`, wakati C++ ingeingiza kitu kitupu bila kukuuliza.

## Dirisha

Python ina makubaliano rasmi ya jinsi kitu kimoja kinavyoweza kukionesha kingine kumbukumbu yake. Ni PEP 3118 (PEP ni hati ya pendekezo la Python), iliyoandikwa mwaka 2006, nayo inataja anwani, ukubwa wa kila kitu, aina yake, vipimo vya safu, na hatua za kuruka kutoka kimoja hadi kingine. NumPy, maktaba ya hesabu za safu, na `memoryview` ya Python yenyewe zinayaelewa. Kwa pybind11, dirisha la namba ni hili:

```cpp
.def_property_readonly("vipimo", [](py::object mimi) {
    auto &k = mimi.cast<Kituo &>();
    return py::array_t<double>(k.vipimo.size(), k.vipimo.data(), mimi);
})
```

Hiyo `mimi` ya mwisho ni mwenye mali. Safu inamshika ili kituo kisifutwe dirisha likiwa wazi. Ukiisahau, pybind11 haikutupi shimoni, inanakili. Nashukuru waliochagua hivyo, kwa kuwa anayesahau anapoteza kasi tu, data yake inabaki salama.

Kwa data nyingi ya namba hakuna kinachoshindana na dirisha. Namba milioni zinaonekana bila hata baiti moja kuhamishwa, na `k.vipimo.mean()` inapita juu yake kwa kasi ya msimbo wa mashine. Vipande navyo ni madirisha: `k.vipimo[100:200]` haijanakili chochote, tofauti na orodha na tofauti na kifungashio. Mwambie mtumiaji wako hilo mapema, hasa kama amezoea orodha na NumPy ni ngeni kwake.

Dirisha hili linaandikika pia, na hapo pana mtego. Tuseme vipimo vilikuja kwa inchi na unataka milimita:

```python
k.vipimo *= 25.4
```

Python inafungua dirisha, inazidisha namba humohumo ndani ya C++, kisha inajaribu kukipangia kituo sifa ya `vipimo`. Sifa hiyo ni ya kusoma tu, kwa hiyo inatupa `AttributeError`. Kosa limeripotiwa, na data imeshabadilika. Mtu akiona kosa atasahihisha mstari na kuendesha tena, na mvua ya mwaka mzima itazidishwa kwa 25.4 mara ya pili. Andika `k.vipimo[:] *= 25.4`, au bora zaidi toa dirisha la kusoma tu kwa kuiita `setflags` ya safu na `write` ikiwa `False`, kisha marekebisho yapite kwenye fankisheni yenye jina.

Halafu lipo lile la idadi. Dirisha haliwezi kukuza vekta, hilo ni sawa. Lakini C++ inaweza, na ikifanya hivyo huku mtu ameshika dirisha, tumerudi kwenye nyumba iliyohamwa. Python yenyewe ilishakutana na tatizo hili kwenye `bytearray`, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote:

```python
b = bytearray(b"abc")
d = memoryview(b)
b.append(100)   # BufferError
```

Inakataa. Kuna dirisha wazi, kwa hiyo ukubwa haubadiliki mpaka lifungwe. Nasi tunaweza kufanya hivyohivyo. Ndani ya `Kituo` weka vekta kwenye `shared_ptr`, na kila dirisha lishike nakala ya kielekezi hicho:

```cpp
using Vekta = std::vector<double>;
auto *shikio = new std::shared_ptr<Vekta>(k.vipimo);
py::capsule mlinzi(shikio, [](void *p) {
    delete static_cast<std::shared_ptr<Vekta> *>(p);
});
return py::array_t<double>(k.vipimo->size(), k.vipimo->data(), mlinzi);
```

Kisha `ongeza`, kabla ya kuongeza chochote, inaangalia `vipimo.use_count()`. Ikizidi 1, kuna dirisha mahali fulani, basi inatupa `py::buffer_error` na Python inapata `BufferError`. Wapo wanaopendelea kunakili badala ya kukataa: vekta mpya inaundwa, dirisha la zamani linabaki na picha ya zamani. Inafanya kazi, lakini inarudisha ukimya uleule ulioniumiza mwanzo, pande mbili zikiamini zinaangalia kitu kimoja. Nachagua kukataa. Kero yake iko Jupyter, daftari la kuendeshea Python seli kwa seli, ambako thamani iliyooneshwa kwenye seli inabaki imeshikwa na historia, hivyo kituo kinakataa kukua na mtumiaji haoni nani ameshika dirisha. Andika sababu hiyo ndani ya ujumbe wa kosa.

Mipaka mingine naipita haraka. Dirisha linahitaji vitu vya ukubwa mmoja vilivyopangana. Miundo ya namba tupu inawezekana kwa `PYBIND11_NUMPY_DTYPE`. Vekta ya maneno na ramani haziwezekani. Na `std::vector<bool>` hairuhusu, kwa sababu hubana thamani katika biti na haina `data()`. Tumia `uint8_t`.

## Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Nakala | Kifungashio | Dirisha |
|---|---|---|---|
| `append` ya Python inafika C++ | hapana | ndiyo | haipo |
| Kubadili kitu kilichomo kunafika C++ | hapana, ila kwa `shared_ptr` | ndiyo | ndiyo, usipolifanya la kusoma tu |
| Kufungua namba milioni | kunakili zote | hakuna | hakuna |
| Lupu ya Python | nyepesi | nzito | tumia NumPy badala yake |
| `json`, `pickle` | moja kwa moja | uandike mwenyewe | `pickle` ndiyo, `json` hapana |
| Vekta ikihama | salama | rejeo la kitu linakufa | dirisha linakufa, usipoweka mlinzi |
| Maneno, ramani | ndiyo | ndiyo | hapana |

Jedwali halioneshi nyuzi. Kama uzi wa C++ unapokea vipimo kutoka kwenye kifaa huku Python inasoma, kifungashio na dirisha vyote viwili vinakuweka hatarini, kwa sababu kufuli ya C++ haijui mtu wa Python amemaliza lini kuangalia. Hapo sina mjadala: shika kufuli, nakili, achia.

## Je, ni ya pybind11 peke yake?

Sivyo. Kwenye Rust na PyO3, maktaba ya kuunganisha Rust na Python, sehemu ya `Vec<f64>` uliyoiwekea `#[pyo3(get)]` hunakiliwa kila inaposomwa, na mistari yangu minne ingeandika sifuri vilevile. Watu wa Rust wanashangaa zaidi, wamezoea kompaila inayowalinda, lakini ulinzi huo unaishia mpakani. Kwenye Java, `GetIntArrayElements` ya JNI, daraja la Java kwenda C na C++, inaweza kukupa nakala au anwani yenyewe, na ni mashine ya Java inayoamua. Ndiyo sababu kuna kigezo cha kukuambia umepewa kipi, na ndiyo sababu unatakiwa kuachia kila ulichoshika. Dirisha la Java ni `NewDirectByteBuffer`. SWIG, tangu toleo la 4.0, inafunga `std::vector` ya C++ ikiwa mtoto wa `java.util.AbstractList`. Hilo linaondoa usumbufu wa kifungashio kinachofanana na orodha bila kutambuliwa kuwa orodha, jambo ambalo `bind_vector` imekuachia ulifanye mwenyewe.

## Mimi nilichagua nini

Kama mkusanyo wako ni mdogo na ni matokeo ya hesabu, majina ya vituo kwa mfano, toa `tuple` na uendelee na maisha. Kama ni namba nyingi, toa dirisha la kusoma tu, na ukuaji upitie fankisheni. Kifungashio nakiacha kwa hali moja: maktaba ya C++ ambayo siruhusiwi kuibadili, yenye fankisheni zinazopokea `std::vector` kwa rejeo na kuirekebisha, na mtumiaji wa Python anahitaji kuijenga vekta hiyo hatua kwa hatua. Hapo hakuna mbadala wa kweli. Nje ya hapo, kila nilipoweka kifungashio niliishia kukitoa, kwa sababu kinaahidi tabia za orodha kisha kinazivunja moja baada ya nyingine.

Kwenye `Kituo`, `vipimo` sasa ni dirisha lenye mlinzi, `ongeza()` ndiyo njia pekee ya kukuza, na `VektaVipimo` haipo tena. Majaribio yanaendeshwa na C++ iliyojengwa kwa `-fsanitize=address`, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu, kwa kuwa bila hiyo kumbukumbu iliyoachwa inaweza kuonekana nzima. Kwa kuwa Python yenyewe haikujengwa hivyo, kwenye Linux maktaba ya ukaguzi inapakiwa kwanza kwa `LD_PRELOAD`. Jaribio lililo juu ya mengine ni hili:

```python
def test_dirisha_huzuia_kukua():
    k = Kituo("Mlimani")
    k.ongeza(12.4)
    d = k.vipimo
    with pytest.raises(BufferError):
        k.ongeza(8.1)
    del d
    k.ongeza(8.1)
    assert len(k.vipimo) == 2
```